Siku Hilari Aliposamehewa

Danford alikuja mchana, saa ambazo mtu mwenye shughuli zake haendi nyumbani kwa watu. Alikuwa mwenezi wa chama wa kata, na kwa miaka mitatu alikuwa akipita mbele ya nyumba ya Hilari pale Nsemulwa, mjini Mpanda, bila kugeuza shingo. Safari hii aliegesha pikipiki ukutani, akapiga hodi kwa sauti ya ndugu, akaingia kabla hajajibiwa.

"Shemeji Katarina, habari za masiku?"

"Za masiku ni hizo hizo." Katarina alikuwa amechutama uani akipanga migebuka mikavu kwenye beseni, tayari kurudi nayo sokoni Majengo. "Leo umepotea njia?"

Danford alicheka peke yake. Akachagua kiti kilichokuwa na miguu yote, akaketi, akamgeukia Hilari aliyekuwa kivulini akitia jembe mpini mpya.

"Mzee, umesikia mkuu wa mkoa Nyanda anaondoka?"

"Redio ninayo."

"Ameacha cheo mwenyewe. Anataka jimbo hili. Jumamosi tunamuaga pale uwanja wa shule. Si kampeni, muda wa kampeni bado. Ni kuaga tu."

"Heri yake," Hilari alisema.

Danford alisogeza kiti. "Sasa kuna wenzake wanaotaka jimbo hilo hilo. Wanapita chini kwa chini wanasema Nashon Nyanda ni mtu wa kuonea watu. Ukiwauliza alimwonea nani, wanasema nendeni mkamuulize Hilari wa Nsemulwa. Umeona? Wewe umekaa hapa na jembe lako, wenzio wanakufanyia siasa. Mheshimiwa anaomba upande jukwaani, mshikane mikono, watu waone yameisha."

"Sipandi."

"Dakika moja tu, mzee."

"Nimesema sipandi."

Katarina aliacha kupanga samaki. Jukwaa hilo alilijua vizuri kama mumewe. Miaka mitatu nyuma, kwenye uwanja huo huo, Hilari alikuwa mtendaji wa kata na mabomba ya Nsemulwa yalikuwa makavu. Mkuu wa mkoa alimwita mbele, akamwuliza pampu iko wapi. Hilari akaanza kueleza habari za kipuri kilichoagizwa. "Sitaki hadithi," mkuu wa mkoa alisema, akawageukia watu. "Wananchi, huyu anafaa?" Uwanja mzima ukaitika, "Hafai!" Akauliza tena, wakaitika tena, wengine wakirukaruka. Polisi wakamchukua Hilari mbele ya mke wake. Alilala mahabusu, akaachiwa bila kushtakiwa, kisha akafukuzwa kazi. Na kabla wiki haijaisha pampu ikafungwa kipuri, maji yakatoka.

Ndiyo maana hakuna aliyemlilia. Hilari hakuiba pampu wala pesa ya pampu, na hilo hata polisi walilijua. Lakini pia hakuwa amehangaika sana. Aliomba kipuri mara moja, akangoja, kama watumishi wengi wanavyongoja. Tangu siku ile watoto wa mtaani walimpa jina. Hawakulisema kwa ubaya, walilisema kwa adabu kabisa, wakiinamisha vichwa: "Shikamoo, mzee Hafai." Naye aliitika marahaba.

Danford aliondoka akisema atarudi. Katarina alijitwika beseni lake.

"Ungemsikiliza kwanza," alimwambia mumewe.

"Nilimsikiliza."

"Hukumsikiliza. Ulimkatalia."

&nbsp;

Sokoni Majengo habari ilikuwa moja. Hadia, aliyeuza mchele meza ya pili kutoka kwa Katarina, alikuwa ameshajadiliana na kila mteja tangu asubuhi na bado hakuchoka.

"Mimi nasema ukweli wangu, Mama Glory, usinichukie. Akigombea, mimi ni wake. Hapa nilikuwa nauza kwenye matope. Leo nina meza ya zege na paa juu. Taa zinawaka barabarani. Binti yangu juzi kajifungulia hospitali, hakubebwa kwa pikipiki kupelekwa mkoa wa watu."

"Na mgambo waliomwaga mchele wako?"

"Walimwaga. Nililia sana. Kisha soko likajengwa. Sasa unataka nilie mpaka lini?"

"Alikuwa na njia ya kuwahamisha bila kumwaga mchele wa mtu."

"Alikuwa nayo," Hadia alikubali. Alipima mchele wa mteja, akaongeza punje kidogo juu, akafunga mfuko. "Yule bwana ana hasira. Akisimama mbele ya watu anapandwa na kitu. Lakini niambie, hao wengine je? Mbunge tuliye naye tunamwona kwenye misiba ya matajiri tu. Na yule mwenye malori anayelitaka jimbo, siku akipata, hata simu hapokei."

"Wanasema Nyanda si wa hapa."

"Wa hapa wametufanyia nini?"

Katarina alimfukuza nzi kwenye samaki kwa kipande cha boksi. Ndipo akaeleza ujio wa Danford. Hadia alisikiliza mpaka mwisho, safari hii bila kumkatiza.

"Wanamhitaji mumeo," alisema. "Kwa mara ya kwanza wanamhitaji. Usimpeleke bure. Yule mtu alimchafua kwa maiki, basi amsafishe kwa maiki. Aseme mbele za watu kwamba mumeo hakuiba. Hakuna zaidi."

"Hilari hataki hata kulisikia jukwaa."

"Una binti wa kuozesha, Mama Glory. Mwambie hivyo."

&nbsp;

Hakuhitaji kumwambia. Mzee Lyamba alimwambia kwa niaba yake.

Glory, mtoto wao wa pekee, alifundisha chekechea, na alikuwa ameposwa na Egide, mwalimu wa shule ya msingi Inyonga. Posa ilishapokelewa. Kilichobaki ni kupanga siku ya mahari. Kwa hiyo Mzee Lyamba, mshenga wao, alipoteremka kwenye basi la Inyonga siku ile na ndoo ya asali mkononi, nyumba nzima ilishangilia. Katarina alichinja jogoo. Glory alitandika kitambaa cheupe mezani, akaondoka sebuleni kama desturi inavyotaka, akakaa chumbani na mlango wazi kidogo.

Mzee Lyamba alikula vizuri. Alinawa, akafuta mikono taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Ndugu zangu, mimi ni mdomo tu wa walionituma. Msinikasirikie."

"Sema tu, mzee," Hilari alisema.

"Binti hana neno. Kijana anampenda, wote tunampenda. Ila kwetu yamefika maneno. Huko nako siasa zimeanza, watu wanalitaja jina lako kwenye vijiwe. Mmoja anasema ulionewa, mwingine anasema ulikula pesa ya maji. Wazee wanauliza, lile jambo lilikwishaje?"

"Sikushtakiwa popote."

"Ndiyo. Lakini ulisafishwa?"

Hilari alikuwa amekata rufaa dhidi ya kufukuzwa kwake, na rufaa ilikuwa imelala huko ilikolala. Kumweleza mtu habari za rufaa iliyolala ni kama kukiri.

"Bado," alisema.

"Basi wazee wameomba tungoje kidogo. Si kwamba tumevunja. Tungoje."

Walimsindikiza mpaka barabarani. Katarina alikuwa ameshaiweka ile ndoo ya asali ndani, chini ya meza. Mzee Lyamba alisimama, akakuna kichwa, akaona haya.

"Mama, samahani. Ile ndoo. Nimetumwa niifikishe kwa mtu fulani hapa mjini."

Katarina alirudi ndani kuichukua. Alimkabidhi kwa mikono miwili, akamtakia safari njema.

Waliporudi, Glory alikuwa ameshakitoa kile kitambaa cheupe na alikuwa akikikunja. Macho yake yalikuwa makavu. Hilari alisimama katikati ya sebule kama mgeni.

"Mwite Danford," alimwambia mkewe. "Nitapanda."

"Kwa sharti," Katarina alisema.

&nbsp;

Siku moja kabla ya sherehe, Danford aliwapeleka kwa bajaji hadi nyumba ya mkuu wa mkoa. Ilikuwa imejaa maboksi. Vijana walikuwa wakitoa makochi na kuyapanga kwenye lori. Nashon Nyanda mwenyewe alikuwa amevaa fulana na kandambili, na bila suti na walinzi alionekana mdogo, mwenye kitambi na macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Mzee Hilari," alisema, akasimama kabisa. "Karibu. Mama, karibu sana. Huyu ndiye mama yake nani?"

"Glory," Katarina alisema.

"Mama Glory, karibu."

Walikaa kwenye maboksi, kwa kuwa viti vilikuwa vimeshatoka. Kisha Nyanda akasema, bila Danford kumsukuma:

"Siku ile nilikuja Nsemulwa nikakuta wanawake wamepanga ndoo tupu njia nzima. Mmoja wao alikuwa mjamzito, amekaa juu ya ndoo yake. Nikapandwa na hasira. Ningefanyaje, mzee? Ungekuwa wewe mimi, ungefanyaje?"

"Ningeuliza kwanza."

"Nilikuuliza."

"Uliuliza, lakini hukungoja jibu."

Nyanda alitikisa kichwa polepole. "Ningengoja majibu ya kila mtendaji, maji yangetoka lini? Niambie kweli. Kile kipuri kilikaa bohari huko juu miezi mingapi? Nilipokutoa wewe, kilifika upesi. Walioogopa si wa kata. Walioogopa ni waliokuwa juu yako."

"Kwa hiyo ulinipiga mimi ili waogope wao," Hilari alisema.

"Ndiyo," Nyanda alisema. "Wao nisingewaweza."

Danford alikohoa. Katarina aliona hapo ndipo pa kuingia.

"Mheshimiwa, sisi hatuna maneno mengi. Tunaomba useme kwamba Hilari hakuiba. Kwenye maiki, kama siku ile. Hayo tu. Binti yetu anaolewa, na watu wa kule wanasubiri kusikia."

"Nitasema."

"Utasema hakuiba?"

"Mama Glory, nitasema. Hakuiba, mimi najua hakuiba. Hata wakati ule nilijua."

Aliwasindikiza mpaka kwenye bajaji, akamshika Hilari bega. Njiani kurudi, Hilari alitazama barabara tu. Katarina alidhani amekasirika kwa lile neno la mwisho. Lakini alipomtazama vizuri aliona uso wake umelegea, kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Amesimama kunisalimia," Hilari alisema.

&nbsp;

Uwanja wa shule ulifurika. Turubai zilifungwa, spika zikawekwa pande zote, kwaya ikaimba, wazee wakamvika Nyanda vazi na kumpa mkuki na kigoda. Waliosimama kusema walitaja lami, soko, hospitali, mabweni ya wasichana. Hawakudanganya. Vitu vyote hivyo vilikuwepo, na mtu angeweza kwenda kuvishika kwa mkono. Hakuna aliyetaja mchele uliomwagwa wala nyumba zilizobomolewa kandokando ya barabara, maana siku ya kuaga haisemwi hivyo.

Hilari alikuwa amevaa suti yake ya utendaji. Ilimpwaya. Walimkalisha kiti cha plastiki nyuma ya meza kuu, karibu na mafundi wa muziki. Katarina na Glory walikuwa mstari wa mbele wa wananchi, na Hadia pembeni yao. Glory alikuwa amempigia Egide simu, naye akaahidi kumtafuta mtu wa kurekodi.

Nyanda alizungumza vizuri. Aliwachekesha, aliwashukuru, aliwaomba msamaha wa jumla kama wanavyoomba viongozi wanaoondoka. Kisha akasema:

"Na leo nina mgeni wangu. Mnamkumbuka Hilari?"

Hilari alisimama, akatembea hadi mbele. Danford alimwonyesha pa kusimama.

"Huyu nilimtoa hapa hapa," Nyanda alisema. "Mbele yenu. Mnakumbuka?"

Watu walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Walikuwa wamekaa juani muda mrefu na walifurahi kukumbushwa siku nzuri, siku ambayo kiongozi aliwasikiliza na maji yakaja. Kijana mmoja aliyekuwa amepanda ukuta wa shule akaita, "Anafaa?" Upande ule ukaitika, "Hafai!" Upande wa pili nao hawakutaka kupitwa. "Hafai! Hafai!" Kina mama walipiga vigelegele. Hata baadhi ya wazee wa meza kuu walikuwa wakitabasamu.

Nyanda aliinua mkono wanyamaze, lakini na yeye alikuwa ameanza kucheka. Katarina alimwona akibadilika. Yule mtu wa fulana na kandambili aliondoka, akabaki mtu mwingine, mkubwa, mwenye sauti, aliyelisikia lile neno likimrudia kutoka kila upande na hakuweza kuliacha lipite. Akamshika Hilari mkono, akauinua juu.

"Ndugu zangu, mtu akijirekebisha, tumpokee! Mimi Nashon Nyanda, leo, mbele yenu, nimemsamehe!"

Uwanja ulilipuka. Muziki ukafunguliwa. Hilari alibaki na mkono hewani, akitabasamu kama mtu anayepigwa picha, na kwa kweli alikuwa akipigwa picha.

Katarina alivuka kamba. "Sivyo!" alisema. "Mheshimiwa, sivyo! Sema hakuiba!" Hakuna aliyemsikia kwa kelele za spika. Alifika kwenye ngazi za jukwaa, mgambo wa kike akamzuia kwa kifua, akamwambia mama tulia, mama shuka. Katarina alijaribu kupita chini ya mkono wake. Yule mgambo akamsukuma, si kwa nguvu sana, na Katarina akakaa chini kwenye vumbi, kanga yake ikafunguka. Mshereheshaji aliliona hilo kutoka juu. "Mama anacheza huyu!" alitangaza. "Furaha imemzidi!"

Glory na Hadia ndio waliomwinua.

&nbsp;

Egide alipiga simu siku ya pili yake, jioni. Glory alitoka nje kuongea. Alirudi baada ya muda mrefu, akaegemea mlango.

"Wameiona video," alisema.

"Wanasemaje?" Katarina aliuliza.

"Wazee wamesema mtu hasamehewi kama hakukosa. Wanasema kwanza walikuwa na wasiwasi, sasa hawana."

"Na Egide mwenyewe?"

"Anasema ana wazee."

Hilari alikuwa anakula. Aliendelea kula.

Danford hakurudi tena kuwatembelea. Alipokutana na Katarina njiani alisema mambo ya jukwaani huwezi kuyapanga, kwamba mheshimiwa alimaanisha vizuri, na kwamba akipata jimbo atalikumbuka suala la rufaa. Katarina alimwambia aondoke mbele yake kabla hajamwagiwa maji ya samaki.

&nbsp;

Kura za maoni zilifika. Hilari alikuwa mjumbe wa mkutano wa chama wa kata. Tawi lilimchagua mwaka uliotangulia kwa sababu hapakuwa na mwingine mwenye subira ya kuandika mihtasari yao. Asubuhi hiyo alinyoa ndevu, akaondoka bila kuaga sana.

Watia nia walipita mmoja mmoja ukumbini, kila mtu akaomba kura na kujibu maswali. Mbunge aliyekuwepo alisoma hotuba na kuondoka. Mwenye malori aliwaita wajumbe "wapiga kura wangu" na kukosea jina la kata. Nashon Nyanda alipoingia aliwasalimia walio karibu na mlango kwa mikono, na alipofika kwa Hilari alisimama.

"Mzee wangu Hilari. Glory hajambo?"

"Hajambo," Hilari alijibu.

Alirudi nyumbani jioni. Katarina alikuwa ameshatoka sokoni na alikuwa akipepeta mchele uani. Glory alikuwa ndani akipiga pasi.

"Ulimpa nani?" Katarina aliuliza, kwa namna ya kuuliza jambo ambalo jibu lake linajulikana.

Hilari aliketi, akavua kiatu kimoja. "Nyanda."

Ungo ulitulia mikononi mwa Katarina. "Sema tena."

"Nilimpa Nashon Nyanda."

"Kwa nini?"

"Nilikaa na ile karatasi mpaka msimamizi akaniambia wengine wanasubiri." Hilari alizungumza akitazama kiatu alichokishika. "Nilianza na wale wengine. Nikajiuliza nani kati yao atakwenda kule bungeni akagonga meza kwa ajili ya watu wa huku, nikakosa. Nilikuwa mtendaji miaka mingi, Katarina. Mabomba yalikauka mikononi mwangu. Yeye alinidhalilisha, na maji yakatoka. Yote mawili ni kweli. Nilitafuta namna ya kuyatenganisha nikashindwa."

"Kwa hiyo walikuwa na haki. Wale waliosema hufai."

Mtaa wa pili mtu alikuwa akigonga bati.

"Kwa kazi ile," Hilari alisema, "labda sikufaa."

Katarina aliweka ungo chini. "Mimi nilikaa kwenye vumbi mbele ya Mpanda nzima. Niliambiwa nacheza. Kwa sababu nilitaka waseme hukuiba."

"Sikuiba."

"Najua hukuiba!" alipiga kelele. "Mimi najua! Wewe ulitakiwa ujue vilevile. Umempa kura yako mtu aliyeniambia mimi uso kwa uso nitasema, halafu akacheka. Na Glory? Kwenye mahesabu yako ya maji na meza za bungeni, Glory ulimweka wapi?"

Hilari alipoinua macho alimwona Glory amesimama kwenye mlango wa uani na pasi mkononi. Alikuwa amesikia yote. Akarudi ndani.

Giza lilipoanza kuingia, honi za pikipiki zilisikika kutoka upande wa mjini. Zilikuja zikiongezeka mpaka zikapita mbele ya nyumba yao, vijana wakiimba jina la Nyanda. Alikuwa ameshinda kwa mbali sana. Kura ya Hilari haikuongeza kitu wala kupunguza.

&nbsp;

Alfajiri Katarina alimkuta Glory amevaa nguo ya safari, begi dogo liko mlangoni.

"Naenda Inyonga," Glory alisema. "Kama hawanitaki, waniambie mimi mwenyewe, nikiwa nimekaa mbele yao. Sitaki kuambiwa kwa simu kama mtu aliyepoteza kitambulisho."

"Mwanangu, binti haendi mwenyewe kwa wakwe."

"Bado si wakwe, mama."

Katarina alimtazama, akaona hatamzuia. Aliingia jikoni, akafunga viazi vya kuchemsha na vipande viwili vya samaki, akajitupia kanga mabegani. "Nakusindikiza mpaka stendi."

Hilari naye alikuwa ameamka. Aliyasikia mazungumzo, akavaa shati safi na viatu, akachana nywele zake zilizobaki. Alitoka, akaliinua lile begi, akajaribu uzito wake.

"Basi la kwanza linajaa upesi," alisema. "Tukitembea sasa hivi tutapata kiti cha mbele. Makondakta wa Inyonga wananijua, nitaongea nao."

Glory alimkaribia, akashika mkanda wa begi. Hakuuvuta. Aliushika tu, akangoja.

"Wewe baki, baba," alisema kwa upole.

"Si mbali. Nitarudi na mama yako."

"Najua si mbali. Baki."

Hilari alielewa. Aliuachia mkanda. Glory alipiga goti kidogo, akamwambia shikamoo kama alivyofanya kila asubuhi tangu utoto, naye akaitika marahaba, na sauti yake ikatoka vizuri. Kisha wanawake wale wawili wakashika njia ya stendi, mmoja na begi, mwingine na kifurushi cha chakula, wakipita kwenye karatasi na matawi ya miti yaliyoachwa barabarani na washangiliaji wa jana. Hilari alisimama mlangoni akiwa amevaa viatu mpaka walipokata kona. Majirani walipoanza kufungua madirisha, aliingia ndani na kufunga mlango.